Ukimaliza, Nipigie

Kuuza tiketi ya basi kwa simu ni kazi ya hatua nne: kushika siti, kuomba malipo, kuandika tiketi, kutuma ujumbe. Ukimweleza mtu kijiweni atakwambia hiyo ni kazi ya dakika tano, na kwa dada anayekata tiketi kwa mkono pale kaunta dakika tano ni nyingi. Tatizo ni kwamba katika hatua hizo nne hakuna hata moja ambayo programu yako inaimaliza yenyewe hapo hapo. Siti imeandikwa kwenye hifadhidata, na hifadhidata hujibu ikiwa tayari. Malipo yako kwa kampuni ya simu, nayo kampuni ya simu inamsubiri abiria ambaye huenda amebanwa kwenye daladala na simu iko mfuko wa nyuma. Ujumbe mfupi unapitia kampuni nyingine kabisa. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake programu ya namna hii haifanyi chochote, inasubiri tu, na ufundi wote uko kwenye namna ya kusubiri.

Niliingia kwenye kazi hiyo mwaka 2015, katika ofisi ndogo ya barabara ya Shekilango, Dar es Salaam, wakati kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kikiwa bado Ubungo. Tuliandika kwa JavaScript juu ya Node.js. Aliyeuanzisha mfumo alikuwa ameshaondoka, akaacha faili moja refu lililojaa fanksheni ndani ya fanksheni ndani ya fanksheni, kila moja imesogea kulia kuliko iliyoibeba, hadi katikati ya faili mistari ikawa inaanzia nusu ya skrini. Mkubwa wetu wa kazi, ambaye ofisi nzima ilimwita Injinia, aliniketisha mbele yake. "Dogo, usiguse kitu kwanza. Soma. Ukimaliza uje uniambie siti inashikwa na nani wakati abiria anatafuta simu yake."

Nikasoma. Fanksheni zilikuwa na majina ya Kiswahili, jambo lililonipa moyo: shikaSiti, ombaMalipo, andikaTiketi, tumaUjumbe. Ndani ya shikaSiti kulikuwa na fanksheni isiyo na jina iliyosema kwamba siti ikishapatikana, omba malipo. Ndani ya hiyo kulikuwa na nyingine: malipo yakishajibiwa, andika tiketi. Ndani ya hiyo nyingine tena: tiketi ikishaandikwa, tuma ujumbe. Kila ngazi iliuliza kama kuna hitilafu, swali lile lile limenakiliwa kutoka ngazi ya juu yake, isipokuwa ngazi ya tatu, ambako mwandishi ama alisahau ama alichoka.

Waliotokea kwenye PHP, na Dar wakati ule wengi wetu tulitokea huko, huuliza kwa nini mtu ajitese hivyo. Kwenye PHP unaandika mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Programu ikifika penye kusubiri inasubiri, yamekwisha. Jibu liko kwenye gharama ya kusubiri. Ryan Dahl alipoitambulisha Node.js mjini Berlin, Novemba 2009, alionyesha hesabu ambayo Injinia alikuwa ameiandika kwa kalamu nene na kuibandika ukutani. Kusoma kitu kwenye hifadhi iliyo karibu kabisa na prosesa huchukua mizunguko 3 ya prosesa. Kwenye RAM, 250. Kwenye diski, 41,000,000. Kwenye mtandao, 240,000,000. Hesabu hiyo ni ya mitambo peke yake, bado hujamweka binadamu anayejaribu kukumbuka namba ya siri. Node ikachagua njia yake: uzi mmoja wa kazi, mzunguko unaopokea matukio moja baada ya jingine, na sheria kwamba hakuna anayeruhusiwa kusimama pale akiziba njia. Mwenye jambo la kusubiri afanye kama tunavyofanya kwa fundi cherehani wa mtaani. Hukai kibarazani kwake mpaka suruali iishe. Unamwachia namba, unamwambia ukimaliza nipigie, unakwenda zako. Fanksheni unayoiacha kwa mwenye kazi ndiyo kolibaki.

Hadi hapo ni rahisi, na mafunzo mengi huishia hapo. Ugumu unaanza kolibaki zinapokuwa nyingi na inabidi ziungane. Fanksheni ya kawaida hurudisha jibu, kwa hiyo kuunganisha mbili hakuhitaji akili nyingi: jibu la hii unalitia kwenye ile. Fanksheni ya kusubiri hairudishi kitu. Ukiiita ombaMalipo inarudi papo hapo mikono mitupu. Jibu litakuja baadaye, tena haliji kwako, linakwenda kwa ile kolibaki. Huna cha kutia kwenye andikaTiketi. Kilichobaki ni kuichukua sehemu yote ya programu ambayo haijafanyika, kuifanya fanksheni, na kuikabidhi kwa unayemsubiri. Gerald Sussman na Guy Steele walishaonyesha mwaka 1975, walipoieleza lugha yao ya Scheme kule MIT, kwamba programu nzima yaweza kuandikwa kwa mtindo huo, kila fanksheni ikipokea mwendelezo wa kazi kama hoja mojawapo. Kwa hiyo lile faili lililoegemea kulia, pamoja na ubaya wake wa sura, halikuwa uzembe. Lilikuwa linasema ukweli kuhusu kazi yenyewe. Nasema hivi kwa sababu nimewaona wengi wakiucheka msimbo wa aina hiyo, wakaurembesha mpaka ukanyooka, na ndani yake matatizo yakabaki vilevile.

Tatizo la kwanza ni hitilafu. Sisi wa PHP na Java tulizoea kuzungushia sehemu ya hatari try na catch, kisha tukalala usingizi. Hapa haisaidii, na ukielewa kwa nini haisaidii umeelewa nusu ya somo. Kolibaki inapokuja kuitwa, fanksheni iliyoiacha imeshamaliza zamani na kuondoka, na try yake imeondoka nayo. Hitilafu inayorushwa ndani ya kolibaki inapanda juu, haimkuti wa kuidaka, na programu nzima inaanguka pamoja na abiria wengine wote waliokuwa katikati ya kununua. Ndiyo maana watu wa Node walijiwekea mkataba: hoja ya kwanza ya kila kolibaki ni hitilafu, zinazofuata ni majibu, na mambo yakienda sawa hoja ya kwanza huwa null. Lugha haikulazimishi. Ni makubaliano ya watu.

Mkataba huo una faida kubwa zaidi, ambayo sikuiona mpaka Injinia alipochukua ubao. Fanksheni zote zikishakuwa na umbo moja, waweza kuandika fanksheni ambayo kazi yake ni kuziunganisha nyingine, bila hata kujua zinafanya nini. Nikamwambia, "Kaka, si kuna maktaba ya mambo haya?" Ilikuwepo kweli, na ni nzuri: Caolan McMahon aliianzisha mwaka 2010 akaiita async, na nusu ya dunia ya Node ilikuwa ikiitumia. "Ipo," akasema. "Utaitumia ukishaiandika ya kwako."

Ya kwanza tuliita mfuatano. Inapokea orodha ya hatua na kolibaki moja ya mwisho. Inaiita hatua ya kwanza, ikiikabidhi fanksheni ndogo iitwayo endelea. Hatua ikimaliza inaiita endelea kwa kufuata mkataba. Endelea ikipewa hitilafu inaruka moja kwa moja hadi kolibaki ya mwisho. Ikipewa jibu inaliingiza kwenye hatua inayofuata. Hatua zikiisha, jibu la mwisho ndilo jibu la wote. Msimbo wake haujai kiganja. Na mara moja lile faili likanyooka: shikaSiti, ombaMalipo, andikaTiketi, tumaUjumbe, kila moja kwenye mstari wake, swali la hitilafu likiulizwa mahali pamoja tu. Kilichonifurahisha kuliko sura ni kwamba mfuatano wenyewe ulikuwa fanksheni yenye umbo lile lile, inamaliza kwa kuiita kolibaki. Kwa hiyo mfuatano mzima ungeweza kuwa hatua moja ndani ya mfuatano mwingine. Safari ya kwenda na kurudi ikawa mifuatano miwili ndani ya mmoja.

Ya pili, sambamba, ndiyo iliyonifundisha zaidi, maana inadanganya kwa wepesi wake. Tiketi ikishaandikwa kuna mambo yasiyotegemeana: ujumbe kwa abiria, orodha mpya kwa konda, rekodi kwa mhasibu. Hakuna sababu moja limsubiri mwenzake. Unayaanzisha yote, unaweka hesabu ya yaliyobaki, kila moja likiisha unapunguza, ukifika sifuri unaiita kolibaki ya mwisho. Mtu anaandika hivyo kwa mistari saba, anaondoka anapiga mluzi.

Kisha mambo yanaanza kutokeza. Majibu yanafika kwa mpangilio wa nani kawahi, kwa hiyo ukiyapanga yanavyofika, siku mtandao ukisuasua jibu la mhasibu litakaa kwenye nafasi ya konda. Kila jibu lazima liwekwe kwenye nafasi ya kazi yake, hata likichelewa. Kisha hitilafu: mbili kati ya tatu zikishindwa, kolibaki ya mwisho itaitwa mara mbili, na kama ndani yake kuna kurudisha nauli, nauli itarudi mara mbili. Kisha zile ambazo hazijaisha: kuiita kolibaki ya mwisho na hitilafu hakuzisimamishi. Ujumbe ulioko njiani utafika tu, abiria asome kwamba safari imethibitishwa huku wewe umeshaifuta. Na jambo dogo linalonasa karibu kila anayeiandika kwa mara ya kwanza: orodha ikiwa tupu, hakuna kazi itakayoisha, hakuna atakayepunguza hesabu, na kolibaki ya mwisho haitaitwa milele. Mfumo wetu uliwatumia abiria ujumbe sambamba basi linapoahirishwa. Basi lisilo na abiria hata mmoja ndilo pekee lililokuwa halimalizi kuahirishwa.

Tukaandika maraMoja, fanksheni inayoivalisha kolibaki bendera: ikishaitwa, wito unaofuata unapuuzwa. Ni msimbo wa mistari minne. Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kubaki nacho kutoka ofisi ile ningechukua huo.

Lipo jingine lililo gumu kuliona kwa macho. Nauli ya Dar hadi Mbeya haibadiliki kila dakika, kwa hiyo fanksheni ya pataNauli iliuliza hifadhidata mara ya kwanza, kisha ikaweka jibu kwenye kumbukumbu na mara zilizofuata ikaiita kolibaki hapo hapo. Ni busara, au inaonekana hivyo. Lakini sasa fanksheni hiyo hiyo siku nyingine inajibu baadaye na siku nyingine inajibu sasa hivi, kabla mstari ulio chini ya wito haujasomwa. Kama mstari huo ndio unaoandaa kitu ambacho kolibaki inakihitaji, programu inafanya kazi asubuhi na kuharibika mchana, na hakuna kilichobadilika isipokuwa kumbukumbu kujaa. Isaac Schlueter, aliyeiongoza Node baada ya Dahl, aliandika juu ya jambo hili mwaka 2013 na kulipa jina la Zalgo, zimwi mmoja wa vichekesho vya intaneti. Ushauri ni mmoja: chagua. Ama ujibu papo hapo siku zote, ama ujibu baadaye siku zote, hata kama jibu unalo mkononi. Node ina process.nextTick kwa kazi hiyo. Na ukidharau ushauri huo ndani ya mfuatano wa hatua elfu kadhaa zinazojibu papo hapo, kila hatua inaiita inayofuata kabla yenyewe haijaondoka, miito inarundikana, na JavaScript inakuambia kwamba rundo limejaa.

Mambo yote hayo niliyaweza ndani ya miezi michache, nikaanza kujiona fundi. Lile swali la siti nilikuwa nimeshalijibu, kwa kujiamini: siti imeshikwa kwenye kigeugeu ndani ya fanksheni ya shikaSiti, na kolibaki inakikumbuka kwa sababu imezaliwa ndani yake. Ni jibu sahihi la kitabuni. Injinia hakulipinga. Aliniuliza tu kigeugeu kinakaa wapi umeme ukikatika.

Kukatika kwa umeme hakukuwa jambo la kufikirika. Seva yetu ilikuwa chini ya meza, na jenereta ilikuwa na tabia zake. Desemba ndiyo iliyotufundisha, kama inavyowafundisha wote wa biashara ya mabasi, maana ndio mwezi ambao Wachaga wanarudi Moshi na kila siti ya kaskazini inagombewa. Seva inazimika abiria akiwa ameshaombwa malipo. Anaweka namba ya siri, hela inakatwa, kampuni ya simu inatupigia kutuarifu, yaani inatuma taarifa kwenye anwani tuliyoipa, na seva iliyokwishawaka upya inapokea taarifa ya muamala ambao haina habari nao. Kolibaki iliyokuwa ikiungoja ilikufa na umeme. Hakuna tiketi. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri abiria yuko kaunta na ujumbe wa malipo kwenye simu, basi linaondoka saa kumi na mbili.

Aliyetuokoa ni dada wa kaunta, na si kwa bahati. Alikuwa na daftari. Tangu watu waanze kulipa kwa simu, na M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 ikaingia Tanzania mwaka uliofuata, yeye alikuwa akiandika kila malipo yaliyoahidiwa: tarehe, namba ya simu, siti, kiasi, kumbukumbu namba, kisha nafasi tupu ya kuweka alama hela ikifika, na nyingine ya kuweka alama tiketi ikitoka. Injinia alimwomba daftari akaliweka mbele yangu. "Hii ndiyo kolibaki yako," akasema. "Iandike kwenye hifadhidata."

Nilihitaji muda kuelewa alichomaanisha, na tangu nilipoelewa sijawahi kuitazama kolibaki kwa jicho lile la zamani. Kolibaki ni kazi iliyobaki, imehifadhiwa mahali ikisubiri kuamshwa. Ukiwa unasoma faili tu kwenye diski, mahali hapo paweza kuwa RAM, hakuna neno. Programu ikifa, na usomaji ufe nao, utaanza upya. Lakini ukimsubiri binadamu na hela yake, kazi iliyobaki haina haki ya kukaa kwenye RAM. Kuunganisha kolibaki mbili, kabla ya kuwa suala la mabano na mistari, ni kuamua kazi iliyobaki italala wapi, nani ana ruhusa ya kuiamsha, na atajuaje kama imeshaamshwa.

Tukaukata mfuatano wetu mzuri vipande viwili. Nusu ya kwanza: shika siti, andika mstari kwenye jedwali la miamala wenye hali ya "inasubiri", omba malipo, maliza. Imekwisha, hakuna kinachongoja kwenye RAM. Nusu ya pili inaanza taarifa ya malipo inapoingia: isome kumbukumbu namba, utafute mstari wake, uandike tiketi, utume ujumbe. Mpangilio wa "andika kwanza, omba baadaye" tuliutilia mkazo, kwa sababu taarifa ya malipo inaweza kufika kabla hata jibu la ombi lako halijarudi, na ikifika ikakuta jedwali tupu utakuwa umerudi kule kule.

Taarifa ile ile inaweza pia kuja mara mbili. Hilo si kosa la anayeituma. Kama hakupata jibu lako, labda kwa sababu mtandao ulikatika ukiwa unamjibu, afanyeje zaidi ya kurudia? Hapa ndipo maraMoja ilipozaliwa mara ya pili. Bendera kwenye RAM haifai tena, basi amri yenyewe ya hifadhidata ikawa bendera: badilisha hali iwe "imelipwa" pale tu ambapo hali bado ni "inasubiri", kisha uniambie umebadilisha mistari mingapi. Ikijibu mmoja, wewe ndiye wa kwanza, endelea na tiketi. Ikijibu sifuri, mwenzako alishapita, sema asante na uondoke. Kinachoshindikana ni kusoma hali kwanza, kufikiri, kisha kuibadilisha. Kati ya kusoma na kubadilisha taarifa ya pili inapita. Siti nazo tulizishika kwa amri ya namna hiyo hiyo, na ugomvi wa abiria wawili kwenye siti moja ukaisha. Yule ambaye taarifa yake haiji kabisa akawekewa kazi ndogo inayopita kwenye jedwali kila baada ya muda, ikiiuliza kampuni ya simu juu ya kila mstari uliokaa sana, kisha kuikamilisha tiketi au kuiachia siti.

Baadaye zikaja ahadi, kwa Kiingereza promise: kitu ambacho fanksheni hukurudishia papo hapo kwa niaba ya jibu litakalokuja. Wazo lenyewe ni la zamani: Barbara Liskov na Liuba Shrira waliandika juu ya ahadi mwaka 1988 kwa ajili ya mifumo ya kompyuta nyingi zinazowasiliana. Node ilianza na ahadi za aina yake, ikaziondoa mwanzoni mwa 2010 na kubaki na kolibaki tupu. Mwaka 2018 Dahl alisimama tena Berlin akataja mambo 10 anayoyajutia kuhusu Node, na la kwanza likawa hilo. JavaScript yenyewe ilizipokea ahadi rasmi mwaka 2015. Nilipozisoma kanuni zake nilicheka peke yangu. Ahadi hutimizwa au kuvunjwa mara moja tu: hiyo maraMoja. Wanaoisubiri huarifiwa baadaye siku zote, hata kama jibu limeshapatikana: huyo zimwi amefungiwa mlango. Hitilafu hushuka mpaka inapodakwa: hiyo endelea yetu. Promise.all huweka kila jibu kwenye nafasi ya kazi yake, na orodha tupu huisha papo hapo. Lakini zaidi ya yote, ahadi ni kitu cha kushika. Fanksheni ya kusubiri hatimaye ina cha kurudisha, na kuunganisha kunarudi kuwa kutia jibu la hii kwenye ile.

Tulihama mwaka 2018, wakati async na await (amri za lugha yenyewe za kuisubiri ahadi, si ile maktaba) zilizoingia kwenye JavaScript mwaka uliotangulia, baada ya C# kuwa nazo tangu 2012, zilipokuwa zimeshazoeleka. Kuhama kulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa, na sababu ni ule mkataba. Node 8 ilileta util.promisify, inayochukua fanksheni yoyote ya kolibaki na kuigeuza ya ahadi. Inawezaje kuigeuza fanksheni isiyoijua? Kwa sababu inajua hoja ya kwanza ni hitilafu. Zile fanksheni chache ambazo mtu aliweka jibu mbele na hitilafu nyuma tulizigeuza kwa mkono, tukinung'unika.

Sitasema mabaya juu ya await. Inasomeka, try na catch zimerudi kazini, na kijana akija leo anaelewa faili letu siku hiyo hiyo. Ina mitego yake tu. Mmoja ni kuiweka ndani ya kitanzi: abiria hamsini wanatumiwa ujumbe, kila mmoja akimsubiri aliyemtangulia, wakati hakuna sababu yoyote ya kungojana. Mwingine ni kuita fanksheni ya ahadi na kusahau kuisubiri, hitilafu yake ikapotea kimya. Tangu Node 15 ya mwaka 2020 hitilafu hiyo isiyodakwa inaangusha programu, nami naona walichelewa. Na Promise.all, ikishindwa moja, haizisimamishi zilizobaki, sawasawa na sambamba yetu.

Mtego mkubwa ni kwamba await inaficha kusubiri. Karibuni kijana mmoja wa ofisini alinijia na ununuzi wote wa tiketi ndani ya fanksheni moja, await nne zimepangana, msimbo mzuri ukiusoma. Jedwali la miamala alikuwa amelifuta, akisema halina kazi tena. Nikamwambia mstari wa pili unaonekana sawa na wa kwanza, lakini wa kwanza unasubiri diski na wa pili unamsubiri mtu aliyeko Kimara na simu isiyo na chaji.

"Kwa hiyo await hatutumii?"

"Tunatumia. Ndani ya nusu ya kwanza, na ndani ya nusu ya pili. Katikati hapana."

Hakuridhika, nikampa kazi ya kuthibitisha. Akaandika jaribio ambalo linaanza ununuzi, linaiua seva kwa makusudi malipo yakiwa yameshaombwa, linaiwasha, linatuma taarifa ya malipo mara mbili, kisha linadai tiketi moja, si sifuri wala mbili. Msimbo wake wa await nne ulishindwa kwenye madai ya kwanza. Alilirudisha jedwali mwenyewe, na jaribio likabaki. Huendeshwa kila mtu anapotaka kuingiza msimbo mpya, na kwa kuwa lazima lingoje seva iwake, ndilo la polepole kuliko yote tuliyonayo. Vijana wanalilalamikia. Yeye ndiye anayelitetea.